Kioo cha gari kikizima mpakani, vua miwani kwanza

BUTIHINDA, Burundi – Lori linarudi nyuma taratibu kwenye uwanja wa forodha wa Kobero. Ni saa kumi alasiri kwa saa za Burundi, jua limeinama upande wa Muyinga na linapiga usoni. Dereva amevaa miwani ya jua aliyonunua njiani. Utingo yuko chini, anapiga bodi kwa kiganja kumwelekeza. Dereva anatupa jicho kwenye skrini ndogo ya kamera ya nyuma iliyofungwa juu ya dashibodi. Skrini ni nyeusi tii.

Nyuma ya lori, kama ilivyo siku zote mpakani, kuna watu: wapagazi wenye magunia, akina mama wenye mabeseni, vijana wa baiskeli, mawakala wa forodha wanaokimbilia dirishani na makaratasi mkononi.

Kamera ile haijafa, wala waya haujakatika. Fundi umeme akiitwa atafungua dashibodi, atachokonoa fyuzi, atalipwa chake, na kesho yake alfajiri skrini itawaka vizuri tu. Itawaka kwa sababu saa hizo dereva atakuwa hajavaa miwani bado. Kilichoizima ni lenzi zilizokaa puani mwake.

Miwani yenyewe ni ile wauzaji wanayoiita ya polaraizi. Wengine husema polaroidi, ingawa hilo ni jina la kampuni. Inauzwa madukani Kariakoo na mikononi mwa wamachinga wa stendi, na madereva wanaipenda kwa sababu ya kweli: inaua mng'ao wa barabara kuliko miwani ya jua ya kawaida. Skrini nazo zimejaa kila mahali. Ziko kwenye dashibodi, kwenye redio, kwenye kamera, kwenye kishikio cha simu. Vitu hivi viwili, kila kimoja kizuri kivyake, mara nyingi havielewani. Na kwa mfanyabiashara wa mpakani habari haiishii kwenye gari, kwa sababu mizani, kalkuleta na pampu ya mafuta nazo zina vioo vya aina hiyohiyo.

Njia inayofuata jua

Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Bujumbura ni takriban kilomita 1,600, na kwa ujumla njia inaelekea magharibi. Anayepeleka mzigo Burundi hupambana na jua la alasiri, anayerudi Tanzania hupambana na la asubuhi. Baada ya Lusahunga na Ngara, lori linafika Kabanga, na ng'ambo tu ya hapo ni Kobero, ndani ya tarafa ya Butihinda. Kutoka hapo barabara inapanda na kushuka vilima kwenda Muyinga, kisha Karusi hadi Gitega.

Mpaka huu una jambo ambalo wageni hulisahau: Tanzania magari hupita kushoto, Burundi hupita kulia. Dereva mwenye usukani wa kulia, akishavuka, anajikuta amekaa upande wa ukingo wa barabara, si upande wa katikati. Akitaka kulipita gari lililo mbele yake haoni kinachokuja mpaka atoe karibu nusu ya gari. Baiskeli zenye mikungu ya ndizi anapishana nazo kwa umbali wa mkono. Kwa mtu kama huyo kamera na skrini yake si pambo. Ni jicho la ziada, na likizimika bila yeye kujua sababu, ni afadhali asingekuwa nalo, maana angemwamini utingo tangu mwanzo.

Msimu wa mvua ndio miwani ya polaraizi huonyesha thamani yake hasa. Lami iliyonyeshewa ikipigwa na jua hugeuka kioo. Makaratasi ya mzigo yaliyowekwa juu ya dashibodi nayo huchora kivuli cheupe kwenye kioo cha mbele, na kukifanya kama kina ukungu. Ukivaa polaraizi, vyote viwili hupungua sana. Hapo ndipo mtu huipenda na kuinunulia hata ndugu zake.

Uzio wa mabanzi

Kuelewa kwa nini miwani hiyohiyo inaizima skrini hakuhitaji maabara. Funga ncha moja ya kamba kwenye mti, kisha pitisha kamba hiyo kati ya mabanzi mawili ya uzio yaliyosimama wima. Ukiitikisa juu na chini, wimbi linapita hadi kwenye mti. Ukiitikisa kulia na kushoto, wimbi linagonga mabanzi na kufia hapo.

Mwanga nao hutikisika. Wa jua hutikisika pande zote kwa pamoja. Lakini ukigonga kitu kilicholala na kinachong'aa, kama lami yenye maji, ziwa au boneti ya gari, sehemu kubwa ya mwanga unaorudi huwa inatikisika kulia na kushoto. Huo ndio mng'ao unaoumiza macho. Lenzi ya polaraizi ni uzio wa mabanzi yaliyosimama wima, na madogo mno kuonekana: mwanga wa juu-chini unapita, ule wa kulia-kushoto unazuiwa.

Sasa njoo kwenye skrini. Skrini za kioo-majimaji, ambazo ndizo nyingi kwenye magari, kalkuleta na mizani, hufanya kazi kwa uzio uleule. Ndani yake kuna vichujio viwili vya polaraizi, na kati yake kimiminika kinachoupindisha mwanga umeme unapokiamuru. Mwanga unaotoka mbele tayari umeshachujwa: unatikisika upande mmoja tu, aliouchagua mtengenezaji. Ukilingana na uzio wa miwani yako, unaona vizuri. Ukipingana nao, haupiti hata kidogo na skrini inakuwa kaa. Ukiwa wa mshazari, unaona hafifu, na unadhani betri inaisha.

Ndiyo maana redio ya gari hili inaonekana na ya gari lile haionekani, kwa miwani ileile. Na ndiyo maana kipimo cha kwanza hakigharimu kitu: inamisha kichwa kuelekea bega la kulia, kisha la kushoto. Skrini ikibadilika, ikififia au kuwaka zaidi, haina ubovu wowote. Au vua miwani, basi.

Jambo hili lina historia ndefu kuliko magari yenyewe. Mwaka 1808 mjini Paris, mhandisi wa jeshi Étienne-Louis Malus alikuwa akitazama jua lililoakisiwa na madirisha ya jumba la Luxembourg kupitia kipande cha fuwele. Alipokizungusha aliona mwanga unabadilika. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1929, Mmarekani kijana Edwin Land aliomba hataza ya karatasi nyembamba ya kuchuja mwanga wa namna hiyo, na mwaka 1937 akaanzisha kampuni ya Polaroid. Land hakuanza na ndoto ya miwani ya kupigia picha ufukweni. Alitaka taa za magari ziwekwe kichujio, na dereva awekewe kingine mbele ya macho, ili taa za gari linalokuja zisimpofushe. Watengenezaji wa magari hawakulichukua wazo lake. Yeyote aliyewahi kukutana usiku na lori lililowasha taa kamili kwenye mapori ya Biharamulo ana haki ya kusikitika.

Miaka ya 1970 kalkuleta na saa za mkononi zenye kioo-majimaji zilipoanza kusambaa, kichujio cha aina ya Land kiliingia ndani ya kila moja. Tangu hapo miwani na kioo vimekuwa ndugu, na kama ndugu wengine, vinagombana.

Mezani na kwenye mizani

Kalkuleta ndiyo njia rahisi ya kuliona jambo hili. Mfanyabiashara akivaa polaraizi na kuizungusha kalkuleta taratibu mbele ya macho yake, kuna mahali tarakimu zote zitamezwa na weusi, pamoja na kioo chenyewe. Akiendelea kuizungusha, zinarudi. Kalkuleta nyingi zimetengenezwa kwa mshazari, kwa hiyo mtu akiinama kidogo kusoma, kama tunavyoinama wote, hesabu inapotea.

Mizani ya kielektroniki iko hivyohivyo. Zile zenye tarakimu nyeusi kwenye kioo cha kijivu au cha kijani zinaweza kuzima kabisa kwa mvaaji, huku mwenye mizani aliye upande wa pili akiona vizuri. Zile zenye tarakimu nyekundu zinazowaka zenyewe hazina tatizo, kwa sababu taa zake hazipiti kwenye kichujio. Fikiria basi gunia la maharage limepandishwa juani. Mnunuzi amevaa miwani, anatazama kioo, haoni kitu, na kwa sababu ya foleni au aibu hasemi. Muuzaji anamsomea uzito. Mnunuzi anakubali kwa sikio. Pengine uzito ni wa kweli. Lakini biashara ya mpakani, ambako bei inapangwa kwa kilo na faida kwenye kilo moja ni ndogo, haiwezi kutegemea sikio.

Anayepitisha bidhaa kwa utaratibu rahisi wa Jumuiya, ule wa mizigo ya bidhaa za Afrika Mashariki isiyozidi thamani ya dola 2,000, ana sababu zaidi ya kuisoma mizani mwenyewe. Uzito na thamani vinaandikwa kwenye karatasi ambayo ataisimamia yeye, si aliyemsomea.

Kwenye vituo vya mafuta hali ni ileile. Burundi imeandamwa na uhaba wa mafuta kwa miaka kadhaa, na dereva mwenye akili hujaza tangi upande wa Tanzania kabla ya kuvuka. Pampu nyingi zinahesabu lita na shilingi kwenye kioo-majimaji. Anayetazama pampu kwa polaraizi anaweza kuona ubao mweusi mahali pa tarakimu, akaamini umeme umekatika au, vibaya zaidi, akaamini anaibiwa na kuanza ugomvi na kijana wa pampu asiye na kosa. Mashine za risiti za EFD nazo zina kioo kidogo cha namna hiyo. Hapo afadhali, kwa kuwa karatasi inatoka na inasomeka kwa miwani yoyote.

Simu ni hadithi yake peke yake. Nyingine inaonekana vizuri ikisimama na inazima ikilazwa, nyingine ni kinyume chake. Simu za bei zenye skrini ya oledi nazo hutoa mwanga uliochujwa, hivyo zinaweza kufifia pia, ijapokuwa baadhi ya watengenezaji wameongeza tabaka la kurekebisha. Dereva anayelaza simu kwenye kishikio ili aone ramani kwa upana, kisha akaona giza, aisimamishe tu. Na anayeonyeshwa ujumbe wa M-Pesa au Lumicash juani aipandishe miwani kwenye paji la uso kabla ya kusema amepokea au hajapokea.

Skrini ya Japani, na iliyoirithi

Magari mengi madogo yanayopita Kobero kwenda Burundi ni mitumba ya Japani iliyoshushwa Dar es Salaam. Wanunuzi wanajua kichekesho chake: ramani ndani ya gari ni ya Japani, maandishi ni ya Kijapani, na redio nyingi za magari ya zamani zinaishia megahezi 90, wakati stesheni za kwetu zinafika 108. Kwa hiyo mwenye gari huing'oa redio ya kiwandani na kufunga ya Android yenye skrini kubwa.

Hapo ndipo matatizo mengi huingilia. Watengenezaji wakubwa wa magari wanajua kwamba madereva huvaa polaraizi, na kwenye magari ya karibuni wengi wamepanga mwelekeo wa kichujio au kuongeza utando ili skrini isizime. Mtengenezaji wa redio ya bei nafuu hana sababu ya kuhangaika hivyo. Kipande chochote cha skrini kilichokuwa sokoni kimewekwa, na mwelekeo wake ni bahati ya mnunuzi.

Bahati hiyo inaweza kuondolewa kwa dakika tano. Kabla ya kumlipa fundi, mwenye gari akae kwenye kiti chake, avae miwani anayosafiria, awashe gari, atie gia ya nyuma, na atazame. Skrini ikizima, imrudie muuzaji hapohapo. Fundi mzuri hatachukia. Atajifunza, na mteja wa pili atamwambia mwenyewe.

Vilevile atazame saa ya mwendo. Magari ya zamani yana mishale, nayo haina shida. Yale yenye tarakimu, au yenye kilomita na kiasi cha mafuta kwenye kioo kidogo, yanaweza kupoteza sehemu ya habari bila dereva kugundua, kwa kuwa amezoea kutotazama. Taa za hatari za mafuta na joto huwaka kwa taa za kawaida, hivyo zinabaki. Pikipiki mpya za teksi zenye dashibodi ya kidijitali ziangaliwe pia. Kwa magari machache ya kifahari yanayorusha kasi kwenye kioo cha mbele, mvaaji wa polaraizi ajue kwamba picha ile ni mwakisiko, na miwani yake imetengenezwa kuua miakisiko.

Kuna jingine linalowatisha wanunuzi wa mitumba kwenye yadi. Ukitazama vioo vya pembeni au cha nyuma kwa polaraizi, unaweza kuona madoa ya giza yaliyopangika kama ngozi ya kanga. Si ufa, wala si tinti inayobanduka. Vioo hivyo hupashwa moto na kupozwa ghafla kiwandani ili viwe imara na vikivunjika visikate watu, na mkazo unaobaki ndani yake ndio unaoonekana kupitia miwani. Kioo cha mbele, ambacho ni tabaka mbili zilizogandishwa kwa utando wa katikati, kwa kawaida hakionyeshi madoa hayo. Anayekataa gari zuri kwa sababu ya madoa, au anayeshusha bei kwa kuyataja, anabishana na miwani.

Sokoni: kipi cha kununua

Wanaouza miwani hii mipakani hupata mteja anayerudi analalamika. Afadhali mteja aambiwe mapema, na muuzaji awe na aina mbili: ya polaraizi, na ya jua ya kawaida yenye kinga ya miale ya urujuanimno. Dereva anayetegemea kamera na ramani siku nzima huenda akafaa zaidi na ya pili. Anayeendesha gari la mishale kwenye lami yenye maji afaidi ya kwanza.

Kupima kama polaraizi ni ya kweli ni kazi ya sekunde. Ishike mbele ya kalkuleta na kuizungusha: tarakimu zisipozima popote, ni kioo cheusi tu. Au chukua mbili, moja isimame na nyingine ilazwe juu yake: za kweli zitakuwa giza pale zinapopishana. Kadi yenye picha iliyofichwa inayokuja na miwani inathibitisha jambo hilohilo. Lakini kadi na kalkuleta havisemi lolote kuhusu kinga ya macho. Polaraizi ni kitu kimoja, kuzuia urujuanimno ni kingine, na lenzi nyeusi isiyozuia miale hiyo inaweza kuwa mbaya kuliko kutovaa kitu, kwa sababu mboni hupanuka gizani na kuipokea kwa wingi. Maandishi ya UV400 ni madai mazuri yanayobandikwa kwa stika ya bei rahisi. Maduka ya macho yenye mashine ya kupima ndiyo yanayoweza kuyathibitisha.

Weusi nao una madaraja, kuanzia 0 hadi 4, kwa kipimo cha kimataifa kinachoandikwa ndani ya mkono wa miwani iliyotengenezwa kwa kufuata kanuni. Daraja la 2 hupitisha asilimia 18 hadi 43 ya mwanga, la 3 asilimia 8 hadi 18. Hayo mawili yanatosha barabara zetu mchana. Daraja la 4, linalopitisha asilimia 3 hadi 8 tu, halifai kuendeshea gari kabisa, hata kama linampendeza mvaaji. Na ile inayobadilika rangi juani haisaidii sana ndani ya gari: inahitaji urujuanimno ili iwe nyeusi, na kioo cha mbele huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo.

Polaraizi isitarajiwe kufanya isiyoyaweza. Jua lenyewe likiwa limekaa mbele ya dereva, mwanga wake haujachujwa na chochote, na miwani itaupunguza kwa weusi wake tu. Kifuniko cha jua cha gari na kioo cha mbele kilichosafishwa kwa ndani vinasaidia zaidi. Pia mng'ao unaouawa ulikuwa habari: kwenye miteremko ya kuelekea Muyinga, kung'aa kwa lami ndiko humwambia dereva kwamba mbele kuna maji au dizeli iliyomwagika. Anayeiondoa ishara hiyo apunguze mwendo kufidia.

Ya manjano, inayouzwa kwa jina la miwani ya kuendeshea usiku, iachwe dukani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Marekani la JAMA Ophthalmology uliwapima madereva kwenye mtambo wa kuigiza safari za usiku, na haukuona kwamba lenzi za manjano ziliwasaidia kuwaona watembea kwa miguu. Lenzi yoyote yenye rangi hupunguza mwanga, na usiku mwanga ni haba tayari.

Kwa anayetaka kuvusha miwani kama biashara, neno moja la forodha. Iliyotengenezwa China haigeuki kuwa bidhaa ya Jumuiya kwa kupitia Kariakoo, kwa hiyo cheti rahisi cha uasilia hakiihusu, hata kama boksi zima halifiki dola 2,000. Aingie na risiti zake na azungumze na wakala kabla ya kufika dirishani.

Kipindi kibaya zaidi ni jioni. Kobero na Kabanga zinatazamana, lakini saa zake zinapishana kwa moja: jua linapozama, Kabanga inakaribia saa moja usiku na Kobero inakaribia saa kumi na mbili jioni. Anayevuka akirudisha saa yake nyuma anaweza kujiona bado ana muda wa mchana wa kufika Muyinga, wakati huku karibu na Ikweta giza huingia haraka, ndani ya nusu saa hivi. Hapo miwani ya jua, ya polaraizi au isiyo ya polaraizi, inatakiwa iwe imeshaingia kwenye kasha lake kabla lori halijatoka kwenye uwanja wa forodha na kuhamia upande wa kulia wa barabara.